Fomu za malengo kidato cha nne: wote wameandika divisheni ya kwanza, tuwasaidieje?

MwlWaKata
Habari zenu wakuu. Nafundisha shule ya kata, kidato cha nne. Wiki iliyopita mwalimu wa taaluma aligawa fomu kila mtoto aandike lengo lake la NECTA, yaani mtihani wa taifa, nimezipitia zote na karibu kila mmoja kaandika divisheni ya kwanza, hadi wale ambao kwenye mtihani wa utimilifu (moko) wana ziro. Sisi walimu nasi tumeambiwa lengo la shule ni kufuta ziro na kila somo lipande, basi, hakuna aliyesema lipandeje. Hizo fomu naona zitakaa kwenye faili mpaka Novemba maana mtoto akiamka kesho hajui aanze na nini. Wenye uzoefu mnawasaidiaje watoto waweke malengo wanayoweza kuyafikia, na mwalimu naye ajiwekee lipi?

ChakiNyeupe
Mwalimu mimi ni mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi sasa, nikwambie tunavyofanya kwetu. Fomu peke yake haina kazi, mwite mtoto na matokeo yake ya utimilifu mkae mezani mpige hesabu ya pointi pamoja, C ni pointi 3, D ni 4, F ni 5, zikiwa chache ndiyo vizuri. Nina binti mmoja mwaka huu Kiswahili C, Uraia 40, Historia 41, Jiografia 38, zote D, Biolojia na English D za chini, Hisabati F. Piga hapo, 3 jumlisha D tano ambazo ni 20 jumlisha 5 ya Hisabati, anapata 28, divisheni ya nne. Fomu yake ilisema divisheni ya kwanza yaani asizidi 17, kutoka 28 kwa miezi iliyobaki ni mlima, na ukimwachia hivyo hivyo atakata tamaa mwezi wa tisa. Ila C inaanza 45. Uraia anahitaji maksi 5, Historia 4, Jiografia 7, hizo D tatu zikiwa C anashuka mpaka 25 na 25 ni divisheni ya tatu tayari, na atakuwa na C nne wakati kuchaguliwa kidato cha tano wanataka angalau tatu. Maksi 16 tu kwenye masomo matatu! Yule binti alinyamaza kidogo halafu akachukua kalamu akarudia hesabu mwenyewe pembeni ya karatasi kuona kama simdanganyi. Tukafungua pepa yake ya Jiografia tukakuta swali la ramani kaacha wazi lote. Basi lengo lake la kwanza likawa hilo, kusoma ramani, wiki mbili, halafu nampa swali jipya naona.

KombaMkweli
Sikubaliani kabisa. Mnawapunguzia watoto ndoto, mtoto wa shule ya kata akiambiwa lenga divisheni ya tatu ataishia ya nne. Aliyeandika wani mwacheni apige msuli, wapo waliotoka ziro ya utimilifu wakatoboa.

ChakiNyeupe
Komba ndugu yangu sijamfutia, wani yake ipo pale pale kwenye fomu. Nimemwongezea mstari wa chini yake unaosema wiki hii anafanya nini. Akifika 25 na muda bado upo tunapiga hesabu nyingine, safari hii tunaingia Hisabati.

MamaWawili
Mimi ni mzazi jamani naomba niongee. Kijana wangu alileta ratiba nyumbani imejaa kusoma masaa manne kila usiku, akitoka shule anatembea mwendo mrefu, akifika kuna maji ya kuteka na mdogo wake wa kuangaliwa mpaka nirudi sokoni, hayo masaa manne anayatoa wapi? Mwalimu wake wa darasa mungu ambariki alituita mimi na yeye akauliza nyumbani mtoto anapata muda gani kweli, tukakubaliana lisaa limoja alfajiri kabla ya kutoka na mimi kazi ya maji nikamwondolea siku za shule. Hilo lisaa analifuata mpaka leo. Walimu tuulizeni na sisi kabla hamjaandika hayo malengo, tunataka kusaidia.

Pembetatu
Umeongea vizuri sana mama. Mimi niguse upande wa mwalimu maana umesahaulika. Mnakumbuka ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, 2013 tukaambiwa ufaulu ufike asilimia 60 na 2015 ufike 80, namba ikashuka kutoka juu mpaka darasani na mwalimu mwenye watoto mia hakuulizwa kitu. Asilimia ya ufaulu haiko mikononi mwako peke yako. Kilicho mikononi mwako ni mada gani unarudia, daftari ngapi unasahihisha kwa wiki na nani unamwita. Mimi wa Hisabati, pepa ina maswali 14, kumi ya maksi 6 na manne ya maksi 10, na D inaanza 30. Kwa watoto wa F nachagua mada chache zinazotoka kila mwaka, takwimu, seti, hesabu za biashara, matriki, tunazikomalia kwa pasti pepa mpaka mtoto anafanya bila kuangalia. Na kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, najaza hayo hayo, mada nilizorudia na mazoezi niliyosahihisha, mkuu wa shule akija kunitathmini namwonyesha daftari.

MwlWaKata
Asanteni sana, mama wawili umenigusa, nitaita wazazi kabla ya kugusa fomu tena. Jumatatu naanza na wale wenye pointi 26 mpaka 28 maana wako karibu. Swali la mwisho, mimi nina Biolojia, watoto wengi wana maksi 20 na kitu, niwaanzishe wapi?

Pembetatu
Biolojia anza na praktiko mkuu, yaani mtihani wa vitendo, pepa ya pili. Vipimo vya chakula, iodini kwa wanga, Benedict kwa sukari, waandike utaratibu, walichoona na hitimisho kwenye jedwali. Kama maabara haina kitu, iodini na unga wa sembe vinatosha kuanzia.