Kikundi cha Ukoo, Mwanga – Kigoma

Dada Mkubwa 07:12
Shikamooni wakubwa. Mpaka sasa wametoa watatu tu. Mdogo wetu anaanzisha bendi mpya ya roki, tumnunulie drams na amplifaya ya besi. Kila nyumba 30,000. Mwenye drams anapanda treni Jumamosi, anataka kianzio.

Dada Mkubwa 09:40
Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

Shemeji Gungu 09:58
Roki si ndiyo ile wanavunja magitaa jukwaani? Tunachangia vya kuvunjwa? 😂

Binamu Kibirizi 10:01
Avunje la kwake, TV yangu aiache 😂😂

Dada Mkubwa 10:03
Jamani, Jumamosi ni keshokutwa!

Baba Mdogo 10:30
Marahaba. Zile spika mbili za bendi ya kwanza ziko wapi? Hela yangu ya mawese msimu mzima iliingia mle.

Dada Mkubwa 10:32
Baba mdogo, hayo tuliyamaliza kwenye arobaini.

Baba Mdogo 10:33
Mliyamaliza nyinyi. Mimi nilikuwa Kasulu.

Mpiga Gitaa 11:15
Shikamoo baba mdogo. Spika alibaki nazo mwenzangu, sikuuza. Safari hii sitegemei mtu. Dave Grohl wa bendi ya roki ya Nirvana alikuwa nyuma kwenye drams tu. Nirvana ilipoisha 1994 akaingia studio, akapiga karibu vyombo vyote peke yake. Ndiyo albamu ya kwanza ya Foo Fighters, bendi yake mpya. Na mimi nina nyimbo sita tayari.

Binamu Kibirizi 11:17
Huyo Grohl naye ametoa 30,000?

Dada Mkubwa 11:17
Utani basi!!

Simu ya Bibi 13:44
Bibi kasema niandike kama anavyosema: "Nirvana sijui nini, nimeuliza, nimeambiwa mwenzao alifariki. Wako mzima. Juzi kaniletea migebuka mpaka mlangoni, akauliza kama bado unapiga. Nikakosa jibu. Nenda Ujiji kwanza. Kabla hujaenda, hela yangu haitoki."

Dada Mkubwa 14:20
Sawa Bibi. Shikamoo.

Dada Mkubwa 16:31
Sasa anaenda lini? Kianzio je?

Mpiga Gitaa 17:05
Kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nikimkuta.

Baba Mdogo 17:06
Na spika uulize.

Mama Mdogo Uvinza 22:48
Umeme ndiyo umerudi. Nimetuma 15,000, iliyobaki mwisho wa mwezi. Kwani huyo wa Ujiji drams zake aliuza?