Mjadala: Kupasua miamba kutafuta gesi, tukatae sasa au tungoje waje?

Mama wa Ruai: Hamjambo ndugu zangu. Juzi kwenye kikao cha wakazi wa mtaa wetu, kijana mmoja alisimama akasema gesi ikipanda bei tena, Kenya nayo ipasue miamba kama Marekani. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga.

Tuelewane kwanza. Hii wanayoiita frakingi si kisima cha gesi cha kawaida. Gesi imenasa ndani ya mwamba mgumu, mara nyingi kilomita mbili au tatu chini. Wanatoboa, wanalilaza bomba ndani ya mwamba, kisha wanasukuma maji, mchanga na kemikali kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Kisima kimoja hunywa mamilioni ya lita, vingine hupita milioni 20. Sehemu ya maji hayo hurudi juu na chumvi, kemikali, na wakati mwingine madini yenye mnururisho.

Sasa njooni jikoni kwangu. Maji yetu hutoka kisima kirefu cha mtaa. Birika langu lina ukoko mweupe ndani, na mtoto wangu wa pili ana madoa ya kahawia kwenye meno kwa ajili ya floraidi iliyomo ardhini. Nimemsugulia kwa mswaki mpaka fizi zikatoa damu, hayatoki. Hapo ni ardhi yenyewe, hakuna aliyeichokoza. Ndiyo maana nikiambiwa kemikali zitabaki huko huko chini, nauliza: zikipanda, nani atazishusha? Tangi likichafuka naliosha. Maji ya chini ya ardhi nitayaosha na nini?

Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2011. Uingereza ilisimamisha Novemba 2019, baada ya tetemeko la ukubwa wa 2.9 kutikisa nyumba karibu na Blackpool mwezi Agosti. Naomba Bunge letu likatae mapema, kabla mtu hajashika leseni. Mnasemaje?

Fundi wa Umeme, Kayole: Mama, shikamoo. Nakuheshimu ila sikubaliani nawe. Hapa kwetu kuna mama wa chapati amerudi kwa makaa, mtungi wa kilo 6 umemshinda. Moshi ule unamwingia mapafuni leo hii. Marekani gesi hiyo ilishusha bei na kufunga mitambo mingi ya makaa ya mawe. Na Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini, tunatoboa hadi kilomita tatu, mbona hatulalamiki?

Mstaafu wa Visima, Kitengela: Kijana wangu, Olkaria iache kando. Kule mvuke hupanda kwa nyufa ambazo volkano ilizifanya zamani, na maji yaliyotumika hurudishwa chini. Na wewe Mama, tusitie chumvi: kati ya mwamba wa gesi na maji ya visima mara nyingi kuna kilomita nzima ya mawe. Ufa kupanda umbali huo si rahisi. Hatari iko kwenye saruji inayozunguka bomba, kwenye umwagikaji wa juu, na kwenye maji machafu. Shirika la mazingira la Marekani lilisema hivyo Desemba 2016, kwamba maji ya kunywa huweza kuathirika katika hali fulani. Kule Oklahoma, Marekani, walikuwa wakishindilia ardhini maji machafu ya visima vya mafuta na gesi, na mwaka huo huo wa 2016 wakapata tetemeko la 5.8. Lete hayo hapa kwenye Bonde la Ufa.

Saruji naijua. Niliwahi kuitwa kwenye kisima cha mita 200 tu, saruji ya juu imepigwa nyembamba kama ugali wa mgonjwa. Maji ya choo yakapenya, watoto wa ploti nzima wakaharisha. Mchimbaji alishazima simu.

Mama wa Ruai: Ahsante mzee, hilo la saruji nimelipokea. Fundi, mama wa chapati ana haki ya kupika bila moshi. Lakini gesi ya mtungi ni propeni na buteni, na hii ya mwambani kwa sehemu kubwa ni metheni. Kuifikisha Kayole kunataka mabomba ambayo hatuna. Hata wenye gesi tele wamekataa: Januari 2015 wakazi wa In Salah, kule jangwani Algeria, walijaa barabarani kwa kuwa wanakunywa maji ya ardhi hiyo hiyo.

Na kungoja kunatugharimu. Lamu, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilitoka 2016. Ilifutwa Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka karibu mitatu watu wanapanda ngazi za mahakama.

Fundi wa Umeme, Kayole: Basi tusimamishe kwanza kwa muda, tusifunge milele. Kuna siku tutaihitaji.

Mstaafu wa Visima, Kitengela: Marufuku au kusimamisha, visima vipimwe sasa. Marekani watu walikwama kuthibitisha madai yao kwa sababu hawakuwa na kipimo cha maji yao ya kabla ya uchimbaji. Kampuni ikisema yalikuwa machafu tangu zamani, utajibu nini?

Mama wa Ruai: Hapo mzee umenishika. Nimekwisha kinga lita moja ya kisima chetu kwenye chupa safi, nimeandika tarehe juu. Jumatatu naipeleka maabara.