Naomba ushauri: tuuze kombi ya mwaka 1974 kwa sababu kombi ya umeme imekuja?

Mleta uzi (Ipagala, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Na kwa wazee waliomo humu ndani, shikamooni.

Nina kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, ile yenye kioo kimoja kipana cha mbele na mlango wa pembeni wa kusukuma, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa. Marehemu baba aliinunua kwa misheni moja ya huku kwetu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba magunia, wagonjwa, maharusi na wanakwaya kati ya Dodoma mjini, Kongwa na Mpwapwa. Alipofariki, ndugu tulikubaliana nikae nayo mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiishughulikia tangu akiwa hai. Inawaka vizuri asubuhi na breki zinashika, ingawa kutu imeanza kula chini ya milango ya mbele, na siku hizi ikipanda mlima Nyang'oro tukielekea Iringa inachoka mapema kuliko zamani.

Sasa wadogo zangu wanataka tuiuze. Yupo mnunuzi wa Arusha aliyetaja bei nzuri, na hoja yao ni kwamba Volkswagen imekwisha kutoa kombi mpya ya umeme yenye sura ya zile za zamani, hivyo baada ya miaka michache hakuna mtu atakayetoa fedha ya maana kwa gari la 1974. Wanapendekeza fedha hiyo iwe mwanzo wa kuagiza ile mpya, iliyotumika, kutoka Uingereza ambako usukani uko kulia kama kwetu. Wamenionyesha picha, na sikatai kwamba gari lenyewe linapendeza.

Ninachokosa ni imani. Ahadi hii nimeifuatilia tangu mwaka 2001, walipoonyesha Microbus mpya kule Detroit. Ikatangazwa kwamba itaundwa, kisha mpango ukafutwa kabla muongo haujaisha. Mwaka 2011 wakaja Geneva na Bulli, ndogo, ya umeme, yenye viti 6, nayo ikaishia jukwaani. Mwaka 2016 ikawa BUDD-e kule Las Vegas, na Januari 2017 ikawa I.D. Buzz, tena Detroit. Hiyo I.D. Buzz ya kuuzwa, ambayo ndiyo wadogo zangu wanaitaka, ilionekana mwaka 2022, yaani miaka 21 tangu tuanze kuonyeshwa. Kila mara ni yale yale: rangi mbili, nembo kubwa usoni, na maneno matamu juu ya safari za wazee wetu. Mimi niliyewahi kulala chini ya kombi nikibadilisha waya wa klachi kando ya barabara ya Mtera, nikiziangalia picha zile naiona sura ninayoijua, lakini gari ninalolijua silioni.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, ni kweli kwamba ujio wa hizi za umeme utaishusha thamani ya kombi ya zamani? Na je, mtu wa Dodoma akiwa na gari hilo jipya, litamtumikia kama kombi ilivyotumikia?

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Kizota

Mleta uzi, hongera kwa kuitunza mali ya mzee, kwa maana nyingi za rika lake zimekwisha kukatwa na kuuzwa kwa kilo.

Thamani ya kombi ya zamani haitegemei kampuni inaonyesha nini. Inategemea bodi, na spea. Kwa upande wa spea una bahati kubwa kuliko wenye magari mengi ya umri huo, kwa sababu Brazil waliendelea kuunda kombi ya umbo lako mpaka Desemba 2013, wakaacha tu pale sheria yao ilipoanza kudai mifuko ya hewa na breki za ABS katika kila gari jipya. Raba za milango, taa, vioo na vipande vya bodi bado vinapatikana kwa kuagiza.

Sasa niseme kuhusu sura, kwa kuwa jambo hili linaniuma. Umbo la kombi halikuchorwa ili lipendeze. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon, aliyekuwa akiingiza magari ya Volkswagen nchini kwake, alichora kwenye daftari sanduku lenye dereva mbele kabisa na injini nyuma kabisa, ili mzigo ukae katikati ya magurudumu na gari lisielemee upande wowote, liwe tupu au limejaa. Uundaji ulianza 1950. Kila kitu unachokiona kwenye uso wa kombi kina kazi nyuma yake. Ukiichukua sura hiyo ukaivika gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2, lenye kompyuta ambayo fundi wa Kizota hawezi kuifungua bila kibali cha kiwanda, umechukua ngozi ukaacha mnyama. Ndiyo sababu sisi tunaozipenda hizi gari hatushangilii kila kunapotokea maonyesho.

Tuje kwenye kuchoka mlimani, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kufanya jambo wiki hii hii. Kabla hujanunua kitu chochote, pima valvu injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma iwe milimita 0.15 kwa valvu zote 8. Valvu ikikaza, hasa ya ekzosi, injini inapoteza mgandamizo ikipata moto, na utaliona hilo kwenye mlima kabla hujaliona kwenye tambarare ya Bahi. Kisha angalia pointi za cheche ndani ya distribyuta, mwanya wake uwe milimita 0.4. Kisha, na hapa mafundi wengi wa siku hizi hupapita, kagua mabati yanayoizunguka injini pamoja na ile raba nene inayoziba pembeni mwa chumba cha injini. Watu huyatoa mabati wakidhani injini itapata hewa zaidi, kumbe yamewekwa ili hewa ya feni ilazimike kupita kwenye mapezi ya silinda, na raba inazuia hewa iliyokwisha kupata moto isirudi kuvutwa tena na feni. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba, raba iliyokatika inatosha kuipika injini. Katika kombi zilizotangulia yako, kipoza oili kilisimama kwenye njia ya hewa ya silinda namba 3, na nyingi zilikufa kwa silinda hiyo. Yako kilikwisha kuhamishwa, kwa hiyo ikipata moto kupita kiasi ujue ni matunzo.

Oili yake ni lita 2.5 tu na haina filta, ina chujio la waya, kwa hiyo usivushe kilomita 5,000 bila kuibadilisha. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, simama hapo hapo, kwa sababu mkanda unaozungusha jenereta ndio huo huo unaozungusha feni.

Mhandisi wa Nzuguni

Kaka mleta uzi, na wewe fundi wetu, naomba nitenganishe mambo mawili ambayo naona yanachanganywa. Kutoamini magari ya maonyesho ni jambo moja, na kuukataa umeme ni jambo lingine. Mimi nazipenda kombi na kazi yangu ni umeme, na sioni ugomvi kati ya hivyo viwili.

Umeme ndani ya kombi si mgeni. Mwaka 1972 Volkswagen yenyewe ilionyesha Hannover kombi ya umeme ya umbo kama la mleta uzi, yenye betri za risasi, ikienda takriban kilomita 85 kabla ya kuchajiwa. Mwaka 2020 wakashirikiana na kampuni ya eClassics wakaweka mota yenye nguvu farasi 83 na betri ya kilowati-saa 45 ndani ya bodi ya 1966 ambayo injini yake ya mwanzo ilikuwa na nguvu farasi 44, na inakwenda zaidi ya kilomita 200. Hiyo ni kombi halisi, yenye bati lake na vipimo vyake. Fundi, hata hii I.D. Buzz unayoilaumu imeweka mota nyuma na kusukuma magurudumu ya nyuma, kama ilivyokuwa 1950.

Mashaka yangu yapo kwenye namba za jukwaani. Gari lililoonyeshwa 2017 lilitajwa kuwa na betri ya kilowati-saa 111 na uwezo wa kilomita 600, kwa kipimo cha zamani cha Ulaya cha NEDC ambacho kilikuwa na huruma mno na kikaanza kuachwa mwaka huo huo. Lililokuja kuuzwa Ulaya 2022 lilikuwa na kilowati-saa 77 zinazotumika. Marekani, ambako waliweka betri kubwa kidogo na bodi ndefu zaidi, kipimo rasmi kilitoa maili 234, yaani kama kilomita 377, na bei ikaanzia karibu dola 60,000. Vipimo havifanani, kwa hiyo si haki kutoa 377 kwenye 600 na kuita tofauti hiyo uongo. Lakini mtu aliyepanga maisha yake kwa kuzitazama namba za jukwaani angekuwa amepotea.

Ukiileta Dodoma, hesabu ni hizi. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ukiitoza ampea 10 kwa volti 230, inatoa kilowati 2.3. Kuijaza betri ya kilowati-saa 77 kutoka mwanzo ni zaidi ya saa 33. Ukifungiwa chaja ya ukutani yenye waya wake, ya kilowati 7, inakuwa usiku mmoja na nusu ya asubuhi. Kwenda Iringa, kilomita 260 hivi, utafika, lakini kurudi siku hiyo hiyo kunahitaji kituo cha kuchaji haraka ambacho mimi kwenye barabara ile sijakiona. Kwa mizunguko ya mjini, kati ya Ipagala, Mtumba na Kikuyu, haina mpinzani: kwa kilowati-saa 22 kila kilomita 100 na uniti ya TANESCO, ambayo ni kilowati-saa moja, ya takriban shilingi 350, unatumia kama shilingi 7,700, wakati kombi inayokunywa lita 11, tukichukua petroli kwa shilingi 3,000, inakula shilingi 33,000. Wadogo zako hawajakosea katika hilo na wanastahili kusikilizwa.

Dereva Mtumba

Naungana na dada mhandisi. Tusiyahukumu yote kwa Microbus ya 2001. Renault walionyesha gari dogo la R5 la umeme lenye sura ya R5 ya zamani mwaka 2021, na iliyoingia sokoni 2024 inafanana nayo kwa karibu sana. Halafu kuna usalama: kwenye kombi ya zamani, mbele ya magoti ya dereva pana bati na rangi tu. I.D. Buzz ilipata nyota 5 za Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, mwaka 2022. Kama gari ni la kupeleka watoto shule kila siku katikati ya malori ya barabara ya Morogoro, mimi nisingewapakia kwenye kombi, pamoja na mapenzi yangu yote kwayo.

Mama wa Kondoa

Mwanangu, kabla ya petroli na umeme, kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ina jina la marehemu, wewe na wadogo zako hamna cha kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na kadi ibadilishwe TRA. Mnunuzi anayewaharakisha akijua hilo anataka kuwapata kwa bei ya chini. Limalizeni kwanza.

Mleta uzi

Mama, shikamoo, na ahsante sana. Kadi bado ina jina la baba, kwa hiyo nimemjibu mnunuzi wa Arusha kwamba hakuna biashara kwa sasa.

Dada mhandisi, wadogo zangu nimewasomea hesabu zako zote, za kuwapa haki na za kuwanyima. Tumekubaliana kwamba kama familia inahitaji gari la kila siku mjini, tulitafute kwa fedha nyingine na kwa mahitaji hayo, liwe la umeme au la petroli, bila kuangalia linafanana na nini. Kombi haitauzwa ili kulilipia.

Fundi, valvu nimezipima leo alfajiri. Za ekzosi mbili zimekaza kiasi kwamba kipimo cha 0.15 hakiingii kabisa, na ile raba ya chumba cha injini upande wa kushoto haipo. Nikirekebisha hivyo, naweza kuipeleka Iringa mwisho wa mwezi, au kuna kingine cha kuangalia kwanza?

Fundi wa Kizota

Rekebisha valvu, uendeshe kilomita chache za hapa hapa mjini, kisha uzipime tena ikipoa. Zikiwa zimekaza tena kwa muda mfupi hivyo, valvu zinavutika na hedi, yaani kichwa cha injini kinachozibeba, lazima ifunguliwe; usiende popote mpaka tujue.

Na kabla hata ya kuiwasha, badilisha mipira yote ya petroli, kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye kabureta, pamoja na klipu zake. Ikunje kwa vidole uone: ikionyesha nyufa, imekwisha. Mpira ukipasuka, petroli inadondokea injini yenye moto, na kizimba cha injini hizi ni cha aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Weka na kizima moto cha unga chini ya kiti cha dereva. Raba ya chumba cha injini ninayo moja iliyotumika, bado laini. Njoo Jumamosi uichukue.