Siku tatu Lisbon, wawili, shanta mgongoni: tulale wapi na tuache nini?

BintiMjiKale
Assalaam alaikum wanajamvi. Mimi nasoma Leipzig, mume wangu yuko Mombasa. Mwezi wa sita anakuja kunitazama, visa keshapata, na tangu tufunge ndoa hatujawahi kusafiri wawili hata Lamu. Nimedunduliza mshahara wa kazi ya jioni, tukakata tiketi za Lisbon, Ureno. Tunafika Alhamisi usiku tarehe 11 Juni, tunaondoka Jumapili jioni tarehe 14. Kila mtu na shanta lake, na mfukoni euro 450 za kulala, kula na nauli.

Tumekwama kwenye malazi. Yeye kaona hosteli Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, bweni la vitanda 8, wanaume na wanawake pamoja, anasema kitanda ni kitanda. Mimi navaa hijabu. Siwezi kulala nayo siku tatu mfululizo kwa sababu ya watu nisiowajua. Vyumba vya peke yetu tarehe hizo bei zake zinatisha. Halafu orodha yake ndefu: Sintra na Cascais nje ya mji, Belém, ngome, kila kitu. Naogopa tutarudi tumechoka na hatujapata hata wasaa wa kuongea. Na chakula cha halali je?

MvukaTejo
Waalaikum salaam dada. Naishi Almada, ng'ambo ya mto Tejo, mwaka wa sita huu. Bei zimepanda kwa kuwa mmeangukia sikukuu yenyewe. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 ni wa Mtakatifu Antonio, na kitovu chake ni hapo hapo Alfama. Kila kichochoro kina jiko la mkaa, sadini zinachomwa, muziki mpaka alfajiri, watu wamebanana hupati pa kuweka mguu. Msiukose usiku huo hata kidogo. Lakini kulala humo, bwenini au chumbani, ni kujitesa.

Tafuteni nyumba ndogo za wageni, wenyewe wanaziita pensão au residencial, upande wa Anjos au Arroios. Bafu pengine mtachangia na chumba cha jirani, ila mlango wa kulala ni wenu na ufunguo ni wenu. Metro ya mstari wa kijani inawashusha Martim Moniz kwa dakika chache, Alfama mnapanda kwa miguu. Hesabuni pia kodi ya jiji, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi hudaiwa juu ya bei mliyoiona. Hapo euro 24 zimeshaondoka.

Uwanja wa ndege una metro. Kila mtu anunue kadi yake ya nauli, Navegante, maana moja haiwabebi wawili. Viatu vyenye kushika: njia zimetandazwa vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na nyayo za watu, na vikilowa ni utelezi mtupu.

Jioni moja pandeni kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo huku kwetu, kama dakika kumi, kadi ni ileile. Juni jua linatua baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo msikimbilie. Mtu wa Mombasa ataikumbuka Likoni, ila hapa ana nafasi ya kukaa dirishani.

MzeeKisauni
Mimi namtetea bwana. Treni ya Rossio hadi Sintra ni dakika 40 tu. Tulikwenda na mke wangu, tukaukuta msitu umefunikwa na ukungu na jumba la Pena juu ya mlima, jekundu na manjano. Mtu katoka Mombasa, hajui lini atarudi. Mwacheni aone.

MvukaTejo
Mzee wangu, wiki nyingine ningekubali. Tazama siku zao lakini. Jumamosi tarehe 13 ni mapumziko Lisbon, na wao watakuwa wamekesha. Jumapili wana ndege. Inabaki Ijumaa, na Ijumaa ni ya Belém, kwa sababu monasteri ya Jerónimos, iliyoko huko, hufungwa tarehe 13 Juni. Wakienda Sintra, Belém imewapita.

UmmuKhadija
Mwanangu, kwa chakula usihangaike. Teremkeni Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz, Wabangladeshi wamejaa na biriani zao. Penginepo kuweni macho: bifana, mkate wenye nyama, ni nguruwe, na supu ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Samaki wa mkaa kuleni mshibe. Mkikaa tu mezani mtaletewa mkate na zeituni ambazo hamkuagiza. Mkizigusa mnalipa, msipozitaka semeni zirudishwe.

Bwana ataswali Ijumaa Msikiti Mkuu, karibu na Praça de Espanha, uliofunguliwa 1985. Utakuta waumini wengi asili yao ni Msumbiji na Guinea-Bissau, hutajiona mgeni.

Na bweni usikubali. Mwambie kwa upole kwamba humnyimi kitu, unaomba sitara.

MwalimuMalindi
Belém mwende mapema, kabla ya Ijumaa kuswaliwa, tramu namba 15. Ndani ya kanisa la Jerónimos kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyeng'oa nanga hapo Lisbon Julai 1497, na Aprili 1498 akawa Mombasa, kisha kwetu Malindi. Nimekua nikiuona mnara wake wa msalaba pale ufukweni. Siku niliyosimama mbele ya lile jiwe, nikakumbuka Mombasa ilivyochomwa na waliomfuata, nilikaa kimya muda mrefu. Tulieni hapo. Kisha mkitoka someni vibao vya njiani: mesa, bandeira, lenço. Meza, bendera, leso. Na igreja ni kanisa, ndilo neno lililotuachia gereza.

Zuberi_K
Tramu 28 msipande mchana, vibaka wanaijua kuliko dereva. Shanta mlivae kifuani.

BintiMjiKale
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema hakulifikiria la sitara. Tumepata chumba Anjos, bafu la kuchangia, usiku tatu euro 210. Sintra ameiachilia mwenyewe.

BintiMjiKale
Tumerudi salama. Kivuko tumepanda mara mbili, na ya pili hatukuwa na pa kwenda, tulikuwa tunaongea tu.

Usiku wa Antonio, Alfama, mama mmoja alikuwa kibarazani akiuza vijungu vya manjerico, kila kimoja na ua la karatasi na kijibendera chenye shairi. Mume wangu akainama kunusa. Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha: unapitisha kiganja juu ya majani, kisha unanusa kiganja. Kunusa, ni mrihani! Mrihani wa vikuba vya mama mkwe, umeota kwa jani la namna nyingine tu, majani madogo madogo kama mboni. Tulinunua kimoja, nikakipakata kwenye ndege mpaka Leipzig.

Bwana ameondoka jana. Kijungu kiko dirishani, na majani ya chini yameanza manjano. Namwagia asubuhi na jioni, labda maji ni mengi? Anayejua kukitunza aniambie.