Tupeane uzoefu: Kulala hema Naivasha wikendi ya Safari Rally, kwa sisi tuliokwenda na pikipiki

Msafiri wa Limuru
Habari zenu wadau. Jana nilikuwa nikipanga stoo nikakuta mfuniko wa mkebe wa mafuta ya kupikia uliobonyea katikati, nikakaa chini nikacheka peke yangu. Mfuniko huo, nilipouweka chini ya stendi, ndio ulioizuia pikipiki yangu isitulalie mimi na mke wangu usiku wa pili wa Safari Rally, yale mashindano ya magari, ya mwaka 2024, ile iliyoangukia Pasaka. Usiku wa kwanza hatukuwa nao. Tulifika giza limeshaingia, nikaegesha hatua mbili kutoka kwenye hema, nikashusha stendi ya pembeni juu ya udongo niliouona mkavu, tukalala. Mvua ikaja saa saba usiku, stendi ikawa inazama kidogo kidogo bila sisi kujua, na kilichotuamsha ni usukani kupasua kitambaa cha hema pamoja na petroli iliyokuwa ikichuruzika kwenye begi la kulalia la mke wangu. Hatukuumia, ila mpaka leo akisikia Naivasha inatajwa hunusa kiganja chake. Kila aliyelala huko na pikipiki naomba atueleze yaliyomkuta, maana simulizi zote ninazosikia ni za wenye magari.

Mama Termosi
Mfuniko wa mkebe ni mali. Mimi natumia kipande cha ubao wa kukatia mboga, na mume wangu bado anautafuta jikoni.

Wa Arusha
Wakuu, mimi nilivuka Namanga mwaka 2023 nikiwa na mwenzangu mmoja, kila mtu na pikipiki yake, tukiamini kwamba watu wa Arusha hawatishwi na baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni ukilala chini pale huhitaji kuelezwa jambo hilo na mwalimu wa jiografia. Nilivaa jaketi la kuendeshea, glavu na soksi jozi tatu, na bado saa kumi alfajiri nilitoka nikawasha injini ili nipashe mikono. Majirani walinitukana kwa lugha tatu, na walikuwa na haki yao.

Lakini adui wa kweli kwangu alikuwa vumbi. Kule Kedong, moja ya sehemu magari ya mashindano yanapopita, kuna vumbi laini kama poda ya mtoto, wenyewe wanaliita fesh-fesh, ambalo gari likishapita hubaki hewani kama pazia. Tulitazama magari kwa saa tatu, na jioni nilipofungua filta ya hewa ilikuwa na rangi ya mkate wa ngano. Ushauri wangu ni kwamba mtu asipake oili kwenye mnyororo akiwa kule, kwa sababu oili hulishika vumbi na mnyororo ukageuka kuwa msasa.

Fundi wa Gikomba
Ndugu wa Arusha, nakuheshimu kama mgeni wetu, ila ushauri huo utawagharimu watu sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. Mnyororo mkavu unajila wenyewe. Jambo la kufanya ni kuupangusa kwa kitambaa jioni, kupaka oili nyepesi kidogo tu, kisha kuupangusa tena.

Wa Arusha
Fundi, nilirudi nyumbani kilomita zaidi ya 350 na mnyororo mkavu, na sproketi ile ile ninayo hadi sasa.

Fundi wa Gikomba
Ilete niione.

Mtoto wa Gilgil
Mkimaliza ya mnyororo niruhusuni niseme la kwangu, kwa sababu aliyeanzisha uzi huu ameniamshia jambo ambalo huwa silisimulii nyumbani.

Ilikuwa mwaka 2022, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Siku hiyo watu walikuwa na furaha iliyopitiliza kwa sababu Toyota zilikuwa zimeshika nafasi nne za mbele, na kesho yake zilimaliza hivyo hivyo, dereva wao Rovanperä akiwa wa kwanza. Sisi tulikuwa sita, pikipiki tano, katika kambi moja upande wa kusini wa ziwa ambayo sitaitaja. Kambi za ufukweni kule huwa na waya wa umeme unaowashwa jioni ili viboko wasipande kuja kulisha kwenye nyasi tunazolalia. Tulielezwa hivyo getini, tukaitikia, na sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyekuwa anasikiliza.

Ule waya ulitegemea jenereta, na jenereta hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha spika za kijana wa muziki. Muziki ulipigwa mpaka saa nane usiku, ukakatika katikati ya wimbo. Watu walishangilia kwamba hatimaye watalala. Hakuna aliyejiuliza ni kwa nini taa nazo zimezimika.

Saa tisa hivi nikaamka kwa haja ndogo. Kabla sijafungua zipu nikasikia mlio kama wa mtu anayechana khanga polepole, kipande baada ya kipande, akitulia kidogo, kisha akichana tena. Nikadhani ni jirani yangu, ambaye tulikuwa tumegombana naye mchana juu ya nafasi, amekuja kulipiza kwenye hema letu. Nikafungua zipu kwa hasira kiasi cha upana wa kiganja. Mbele yangu, umbali wa pikipiki mbili zikiegeshwa mkia kwa pua, palikuwa na ukuta. Mbalamwezi ilikuwa hafifu, na ule ukuta ulikuwa ukipumua. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikata nyasi kwa midomo, na harufu yake ilikuwa ya tope na zizi la ng'ombe lililoloweshwa.

Haja iliisha yenyewe, na sitaeleza iliishia wapi. Nilimshika mwenzangu mguu nikaufinya, akaamka, akaona nilichokuwa nakiona, tukakaa kimya kwa muda ambao yeye anasema ni dakika 5 na mimi nasema ni saa nzima. Kisha yule mnyama akajisugua ubavu kwenye pikipiki ya mwisho, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa na alamu. Ile alamu ilipolia, watu kumi na kitu walitoka kwenye mahema yao wakipiga kelele za mwizi, wakiwa na tochi, na wengine wakiwa wamesimama kati ya kiboko na ziwa, mahali ambapo mwenye akili hasimami. Aligeuka. Sijui mwili mkubwa vile unawezaje kugeuka kwa kasi ile. Alipita katikati ya mahema mawili matupu, akakata kamba zote, akaondoka na turubai la mtu likiwa limemfunika mgongoni kama joho la harusi, na tukasikia maji yakipasuka kule gizani. Hakuna aliyeguswa. Asubuhi tulikuta wayo wa vidole vinne umechapwa kwenye tope, katikati ya viatu vyangu viwili nilivyoviacha nje ya hema.

Mama Termosi
Mwanangu, pole sana. Ile ya haja tumekuelewa.

Mzee wa Loldia
Nimekaa kando ya ziwa hilo maisha yangu yote, na hadithi hii naipokea nusu. Wayo na nyasi nakubali. Ila kiboko kukimbia kwa sababu ya alamu sikubali, kwani wa kwetu hupigiwa debe usiku kucha shambani na haondoki mpaka ashibe kabeji.

Mtoto wa Gilgil
Mzee wangu, hakukimbia alamu, alikimbia watu na tochi. Na mimi sikumuuliza sababu.

Niko Ufaransa
Shikamooni wakubwa. Mimi nimelala uwanjani Le Mans mara mbili, kwenye mbio za pikipiki za saa 24 zinazofanyika mwezi wa Aprili, zile zinazoanza Jumamosi saa tisa alasiri na kwisha Jumapili saa ile ile, huku kila timu ikiwa na waendeshaji watatu wanaopokezana. Kule hakuna kiboko. Kuna binadamu wanaokuja na injini kuukuu zilizofungwa kwenye fremu ya chuma, wakiwa na lengo moja tu la kuzikanyagia mafuta mpaka mwisho wa pumzi zake, usiku kucha, mita tano kutoka kwenye mto wako. Injini ikifa hushangiliwa kama shujaa, kisha wanaleta nyingine. Niliweka vizibo vya masikio, nikavaa kofia ngumu juu yake, nikalala nimekaa. Kwa kweli ningepewa kuchagua ningemchukua yule wa Gilgil, ambaye angalau alikuwa anakula kimya kimya.

Fundi wa Gikomba
Injini gani hizo? Wanaweka oili au nao ni wa shule ya Arusha?

Wa Arusha
Fundi, tafadhali.

Dereva wa Trela
Shauri langu ni fupi: msifikie Naivasha usiku kwa barabara ya Mai Mahiu. Sisi wenye trela tunapambana na breki kwenye ule mteremko, na taa moja ya pikipiki iliyojaa vumbi hatuioni vizuri. Ondokeni Nairobi asubuhi, mchague kiwanja kilichoinuka, mwegeshe mbali na hema.

Mama Termosi
Mbali na hema iibwe? Sisi tunaifunga mnyororo kwenye mti, kisha tunafunga kamba kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa baba watoto.

Msafiri wa Limuru
Mama, nikiipeleka kamba hiyo kwa mke wangu nitalala nayo nje. Nashukuru kwa michango. Naona tumekubaliana juu ya kiwanja kilichoinuka, na juu ya mnyororo hatutakubaliana kamwe.

Jirani wa Thika
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma ile ya kiboko mara mbili. Mtoto wa Gilgil, mwaka 2022 nilikuwa kambi ya upande huo huo wa kusini, nikaamka bila turubai, na tangu siku hiyo sisalimiani na vijana wawili wa mtaani kwetu waliokuwa wamepiga hema ubavuni mwangu. Hilo lililoondoka mgongoni mwa mnyama, lilikuwa la bluu lenye kiraka cheusi pembeni?

Mtoto wa Gilgil
Hapana, kaka. Tulilikuta asubuhi limenasa kwenye mafunjo. Lilikuwa la kijani.

Jirani wa Thika
Basi wale vijana bado nina neno nao.