Tupeane uzoefu: Kampuni za malori zinazomruhusu dereva kutembea na mbwa au paka wake

Dereva_Mgeni:
Wakuu, habari za barabarani. Jana hapa Amarillo, Texas, jamaa kapaki pembeni yangu, akateremka na mbwa mweusi kavalishwa reflekta kama fundi wa barabara. Nikamkumbuka wangu niliyemwacha kwa shemeji. Kampuni niliyopo haitaki hata samaki wa kwenye chupa, na mimi natembea wiki tatu ndiyo naonja nyumbani. Kwa tulioko Marekani, mnawapataje waajiri wanaokubali wanyama bila kudanganywa kwenye simu?

BwanaTrela:
Usiulize "mnaruhusu wanyama?" Mtu wa ajira atakujibu ndiyo, kazi yake ni kujaza kiti. Uliza uzito wa mwisho wa mbwa ni upi, aina gani zimekatazwa, amana ni kiasi gani na inarudi yote au nusu, na ruhusa inaanza lini. Kwingi ukiwa bado na mkufunzi hupakii mnyama hata awe kifaranga. Halafu akutumie karatasi ya sera kwa barua pepe. Akikwambia "utaiona ukifika", achana naye.

Paka_wa_Kebini:
Naunga mkono, hasa hapo kwenye karatasi.

MamaKontena:
Hilo la karatasi limenikumbusha machungu. Mimi niliambiwa "njoo tu dada, hata sisi tunapenda mbwa." Nimefika siku ya kuripoti, binti wa mapokezi anamtazama mbwa wangu, anatazama orodha, anamtazama tena. Mbwa wa aina ya pitbull haruhusiwi, bima imekataa. Yule aliyeniambia njoo hapokei simu. Basi la masafa marefu nalo halipakii mbwa asiye wa huduma. Ilibidi nikodi gari dogo, nikavuka majimbo mawili kurudi nilikotoka, na njia nzima mbwa kaweka kichwa dirishani kama waziri kwenye msafara. Tangu hapo nikiombwa leseni, kabla sijaituma naomba jina la kampuni yao ya bima na orodha ya mbwa waliokatazwa. Wananiona mkorofi. Sawa.

Kijana_Rifa:
Dada, si ungeandika tu ni "mchanganyiko"?

MamaKontena:
Kichwa kile ungekificha wapi?

Kijana_Rifa:
Basi mnunulie kile kijoho cha mbwa wa huduma mtandaoni. Hakuna atakayekuuliza.

BwanaTrela:
Kijana acha kuwaharibia watu. Mbwa wa huduma ni yule aliyefundishwa kazi mahsusi kwa ajili ya ulemavu wa mwenyewe. Marekani hakuna daftari la taifa la mbwa hao, kwa hiyo hivyo vyeti vya mtandaoni ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwenye hitaji la kweli anaomba kwa mwajiri chini ya ADA, sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, na mwajiri ana haki ya kudai maelezo ya daktari. Mbwa wa kukuliwaza tu moyo hana hadhi hiyo, na wewe ukishikwa unatuharibia wote.

Kijana_Rifa:
Nilikuwa natania mzee.

Msafiri_Laramie:
Kitu mnachosahau: ulizeni kama lori linakuwa lako peke yako au mnapokezana. Kampuni za kupokezana malori hazitaki mnyama, maana dereva wa zamu ijayo anaweza kuwa na mzio wa manyoya. Mimi nilipata kwa kampuni ndogo ya malori machache, nikaongea na mwenye mali mwenyewe. Alichouliza ni kama mbwa anakojoa ndani.

Alhaji_Masafa:
Na sisi tunaoendesha wawili wawili? Mwenzangu alileta mbwa bila kuniuliza. Mimi naswali humo humo kwenye kebini, na mate ya mbwa kwangu ni najisi. Niuoshe mswala wangu mara saba?

Kijana_Rifa:
Dini inaingiaje kwenye malori jamani.

Alhaji_Masafa:
Inaingia kwa mlango wa abiria, imevaa kamba shingoni.

Paka_wa_Kebini:
Alhaji una haki. Timu ni watu wawili, idhini ni ya wote wawili, na kampuni yoyote yenye akili inadai sahihi zote. Sisi tulimaliza kwa paka. Mwenzangu anaswali, paka amekaa pembeni anamtazama, hakuna aliyenung'unika. Shida ya paka ni moja: usimwache akatembea chini ya pedali. Ukiwa kwenye mwendo awe kwenye kreti, na kreti ifungwe.

Kamba_ya_Chuma:
Nimesoma nikashindwa kulala. Ngoja niwape yangu.

Laredo, Texas, mwezi wa saba, lile joto linaloyeyusha soli. Lori la kampuni, mbwa ndani, AC inapiga. Nateremka kukagua tairi la trela lililokuwa linanipa wasiwasi. Mlango nimeurudishia, injini inaunguruma, funguo ziko ndani. Mbwa anapanda kwenye kiti anichungulie, anaweka mguu kwenye kitufe cha kufunga milango. Tak! Milango yote.

Hapo bado nacheka. Nampigia dispatcha, yule wa ofisini anayetupangia mizigo, ananiambia fundi anakuja ila atachukua zaidi ya saa, na nisiguse kioo. Nikiwa bado kwenye simu, injini inazima yenyewe. Lile lori lilikuwa limewekewa kuzima likisimama muda mrefu, kuokoa dizeli. AC kimya.

Wakuu, nilizunguka lile lori kama kuku aliyekatwa kichwa. Namwonyesha mbwa soseji kwenye dirisha la pili ili akanyage kitufe tena, yeye anaona ni mchezo, anaruka kiti hiki na kile, anahema, na kuhema ndiko kunammaliza. Baadaye akaacha kuruka. Akalala chini kwenye pedali nisipoweza kumwona vizuri. Nampigia tena dispatcha, anarudia: usivunje, utakatwa mshahara. Nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa. Nikachukua nyundo ya tairi, nikavunja kile kidirisha kidogo cha upande wa kitanda, dereva mmoja wa Kimeksiko mwembamba akaingizwa kama barua, akafungua. Mbwa tukamwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, tukampeleka kwa daktari. Alipona. Kioo nilikatwa.

MamaKontena:
Nimelia. Kwa nini ulimsubiri dispatcha hata dakika moja?

Kamba_ya_Chuma:
Dada, ukiwa pale na kazi ni mpya, ndiyo utajua.

Msafiri_Laramie:
Kuvunja ni mwisho kabisa. Ufunguo wa akiba shingoni, hadithi imekwisha.

BwanaTrela:
Kampuni nyingi hazikupi wa akiba. Chonga mwenyewe.

Msafiri_Laramie:
Na ukichonga bila idhini ukakamatwa nao?

MamaKontena:
Bora ukamatwe. Hata joto la nje likiwa 21 tu kwa selsiasi, ndani ya gari lililofungwa kwenye jua baada ya nusu saa linakaribia 40. Sasa Laredo!

Paka_wa_Kebini:
Mgeni, ongeza swali kwenye orodha yako: lori lina APU, ile injini ndogo ya pembeni inayoendesha AC injini kubwa ikiwa imezimwa? California lori la dizeli likisimama haliruhusiwi kuunguruma zaidi ya dakika 5, na hapo mnyama wako anategemea APU tu. Kampuni inayoruhusu mbwa lakini haina APU inakutania.

Mzee_Kizuizi:
Mimi wa kuvuka mpaka. Tangu Agosti 2024, mbwa anayeingia Marekani, hata akitokea Kanada, awe na miezi 6 kwenda juu, awe na chipu ya utambulisho, na uwe na risiti ya fomu ya CDC, wale wa Marekani wa kudhibiti magonjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa usitembee bila cheti chake. Halafu coolant, ile ya kupozea injini, ikidondoka chini, mvute mbwa mbali, ni tamu na inaua figo. Na viwanda vya chakula hawataki mnyama hata getini, kwa hiyo muulize dispatcha kabla hujapewa mzigo.

Alhaji_Masafa:
Kuna anayejua kama kasuku anahesabiwa mnyama? Mwenzangu sasa anatishia kuleta kasuku.

Kijana_Rifa:
Alhaji mkubalie. Atakuadhinia.

Dereva_Mgeni:
Wakuu nashukuru. Leo nimepiga simu mbili. Wa kwanza kakata niliposema "nitumie kwa maandishi." Wa pili katuma kweli: mbwa mmoja, lori linakuwa lako, APU ipo, uzito mwisho pauni 50. Wangu ana kama 60 hivi. Nifanyeje?

BwanaTrela:
Mwambie ukweli, uombe ruhusa maalumu kwa maandishi. Wakati mwingine wanakubali.

MamaKontena:
Au mpunguzie chakula, naye apate riadha.

Kijana_Rifa:
Mpeleke mizani ya CAT, ile ya kupimia malori. Wakikuuliza, waambie uzito umegawanyika vizuri kwenye ekseli.