Katani kromosomu 150, za porini 60, mbona ndiyo haizai mbegu?

okello_tororo
Wakubwa habarini. Hapa kwetu Tororo zizi limezungushiwa katani, jaja alipanda zamani. Moja imetoa mlingoti umepita paa, maua yamedondoka mbegu hamna, badala yake vitoto vya kijani vimejaa kwenye matawi ukitikisa tu vinakumwagikia kichwani. Sasa nasoma eti katani ina kromosomu 150 (zile nyuzi za DNA ndani ya seli) na ndugu zake wengi wa porini kule Meksiko wana 60 tu. Zote hizo za nini kama kuzaa inashindwa?

mama_darubini
Okello jibu unalila kila siku, matooke! Yana seti 3 za kromosomu 11, jumla 33, ndo maana tunapanda machipukizi. Katani ina seti 5 za 30. Wakati wa kutengeneza chavua kromosomu zinajipanga mbili mbili, sasa 5 utagawaje? Vurugu tupu

ssebo_bayo
Ila porini nako si 60 zote jamani. Agave angustifolia, ndugu mmoja wa katani, zipo za seti 2, zipo za 4, hadi za 6, na ukipima jenomu, yaani DNA yote ya seli, inapanda kulingana na seti, yaani ni kitabu kilekile umetoa fotokopi. Kupima unakatakata jani bichi na wembe kwenye maji ya dawa, unachuja, unatia rangi inayoshika DNA halafu inapita kwenye mashine ya leza, kiini cha seli kinachong'aa zaidi ndo chenye DNA nyingi. Vaa glavu lakini, ule utomvu mimi ulinikunisha siku mbili 😭
Na kule Mlingano, kituo cha utafiti wa katani Tanga, aina yao chotara iitwayo 11648 ilitokana na agave nyingine, amaniensis na angustifolia, hii katani ya ua wenu haimo kabisa

okello_tororo
Kumbe! Mashine ya leza nitoe wapi mie, darubini ya shule haitoshi?

mama_darubini
Jaribu ncha ya mzizi mchanga, ichemshe kidogo kwenye asidi, paka rangi, ponda chini ya kioo. Usihangaike na vikromosomu vidogo, ni kama ulezi uliomwagika. Kila seti ina vikubwa 5 na vidogo 25, hesabu vikubwa tu ugawe kwa 5. Ukikuta 25 hiyo ni katani, ukikuta 10 tupigie kelele hapa

okello_tororo
Sawa nyabo, vitoto nshaviweka kwenye kopo la maji, nasubiri mizizi